KADI NGAPI? TUULIZE KWANZA UMEME

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kilindoni, Mafia



Nimepewa muda mfupi, nami nitajitahidi nisiuzidi, maana harufu ya pilau imekwisha tufikia na najua tumbo lenye njaa halina masikio.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo: namna ya kuchagua pawa saplai ya kompyuta itakayobeba kadi za grafiki zaidi ya moja. Kwa wale wasioifahamu, pawa saplai ni kile kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta, chenye feni yake, kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza uwe wa volti 12, volti 5 na volti 3.3 ambao kompyuta inaweza kuutumia. Watu wengi hawajui kama kipo mpaka siku kinapotoa moshi.

Ndugu Mwenyekiti, kwetu sisi leo jambo hili si dogo hata kidogo. Alasiri tutapiga kura juu ya matumizi ya michango yetu, na mbele yetu yamo mapendekezo mawili. La kwanza lasema tununue kompyuta yenye kadi nne, na kwa kuwa fedha hazitoshi, pawa saplai itafutwe ya bei nafuu. La pili lasema tununue kadi mbili, na fedha inayobaki iingie katika pawa saplai nzuri, UPS, na waya wa chumba chenyewe. Mimi naunga mkono la pili. Wajibu wangu ni kueleza sababu kwa hesabu, si kwa ubishi.

Kadi hizi ni za nini?

Kadi ya grafiki ilitengenezwa kwa ajili ya kuchora picha katika kioo cha kompyuta. Kwa kuwa kuchora picha ni kufanya hesabu ndogo ndogo nyingi kwa wakati mmoja, wataalamu waligundua kwamba kadi hiyo hiyo yafaa kwa kazi nyingine za namna hiyo: kutengeneza filamu, kuchora ramani, na kuifundisha kompyuta kutambua picha au kuelewa lugha. Shule yetu ina sababu yake ya kuitaka. Papa potwe wanaokuja katika maji yetu hutambulika mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa ubavuni mwao, kama sisi tunavyotambulika kwa alama za vidole. Kijana wa kidato cha tatu mwenye picha za papa potwe na kompyuta yenye nguvu aweza kujifunza jinsi mashine inavyotofautisha papa mmoja na mwingine. Aweza pia kufanya kazi za Kiswahili humu humu kisiwani bila kungojea intaneti. Hiyo ni elimu ya kweli, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni juu ya mpango wa ununuzi. Wengi wetu tukitaka kununua kompyuta ya namna hii huanza na kadi: ngapi, na za aina gani? Kisha tunatafuta kisanduku cha kuzibeba. Mwisho kabisa ndipo tunauliza kama ukuta utatosha. Mimi nasema tugeuze. Tuanze na umeme uliopo ukutani, halafu tuchague pawa saplai, na idadi ya kadi iwe ndilo jibu linalopatikana mwisho wa hesabu.

Somo la visiwa

Watu wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na mgeni. Kwa miaka mingi Mafia ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO hapa Kilindoni. Ndugu zetu wa Unguja waliunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, wenye uwezo wa megawati 45. Kwa wakati ule ulikuwa mkubwa. Lakini watu waliongezeka, hoteli zikajengwa, mafriji na mapampu yakaingia majumbani, na waya ukabaki ule ule mmoja. Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Mwezi Desemba mwaka 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mwaka 2013 ndipo waya mpya wa megawati 100 ulipoanza kazi.

Jinsi hitilafu zile zilivyotokea ni habari ya mafundi. Somo ninalolichukua mimi ni hili: kila kilichonunuliwa Unguja, kuanzia balbu hadi friji la hoteli, kilikuwa kinategemea njia moja ambayo hakuna mnunuzi aliyeiuliza kama inatosha.

Sasa tazameni upande wa pili. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, mwaka 2020 zilianza kazi mashine za kuchimba bitcoin, ile sarafu ya kompyuta. Hizo si kadi za grafiki, ni mashine maalumu, lakini tabia yake ni moja: hula umeme mchana na usiku. Hazikuwekwa mjini. Zilipelekwa Luviro, kwenye kituo cha umeme wa maji, zikawekwa ndani ya makontena kando ya mtambo. Wenye mashine walikwenda kulikokuwa na umeme. Sisi hatuwezi kuihamisha shule, kwa hiyo hatuna budi kuipima kazi yetu kwa umeme tulio nao.

Hesabu yenyewe

Vijana, hapa naomba mtoe kalamu. Fizikia yetu ni ile ile: wati ni volti mara ampea.

Tuchukue kadi inayopatikana sana ikiwa imetumika, RTX 3090, ambayo mtengenezaji anaipa wati 350. Kadi mbili ni wati 700. Prosesa tuipe wati 150. Madabodi, kumbukumbu, diski na feni, tuvipe wati 100. Jumla ni wati 950.

Je, tununue pawa saplai ya wati 950? Hapana. Mlingoti wa mashua hauchongwi kwa kupimia upepo wa shwari. Fundi huupimia ile dharuba moja ya kusi itakayokuja bila kupiga hodi. Kadi hizi nazo zina dharuba zake. Kwa kitambo kifupi sana, sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde, kadi yaweza kuvuta karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa. Jicho halioni, lakini pawa saplai dhaifu huona, na hujizima. Kompyuta huzimika ghafla katikati ya kazi, na mtu hudhani ni virusi au ni TANESCO. Kwa hiyo ongezeni juu ya jumla yenu theluthi moja au karibu yake. Wati 950 zikiongezwa asilimia 30 ni wati 1,235. Basi tutafute ya wati 1,300, na iwe ya kipimo cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 au cha baada yake, kwa kuwa kipimo hicho kinaitaka pawa saplai istahimili dharuba hizo.

Sasa tuhesabu kadi nne. Kadi ni wati 1,400, na vilivyobaki, kwa kuwa prosesa na madabodi lazima viwe vikubwa zaidi, tuvipe wati 300. Jumla 1,700. Tukiongeza asilimia 30 tunafika wati 2,210. Pawa saplai kubwa zinazouzwa kwa kawaida madukani huishia kwenye wati 1,600 hivi. Maana yake itabidi tufunge pawa saplai mbili katika kompyuta moja, ziwake pamoja na kuzimika pamoja, na kila kadi ipate umeme wake kwa mpango maalumu. Kazi hiyo inafanyika, lakini inafanywa na fundi anayejua, tena aliye karibu. Sisi fundi wetu akihitajika hupanda boti Nyamisati, ikiwa bahari imekubali.

Kutoka ukutani

Hakuna pawa saplai inayotoa umeme wote inaoupokea. Sehemu hugeuka joto. Alama ya 80 PLUS mnayoiona kwenye boksi ndiyo inayopima jambo hilo, na ngazi zake ni kama shaba, fedha na dhahabu. Ile ya dhahabu, ikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake, hutoa kiasi cha asilimia 90 ya ilichopokea. Kompyuta yetu ya wati 950 itavuta basi kiasi cha wati 1,056 ukutani. Ikiwa pawa saplai ni hafifu na inatoa asilimia 80 tu, itavuta wati 1,188. Tofauti ni wati 132. Kompyuta ikifanya kazi kwa nguvu zote saa sita kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni karibu uniti 20 za LUKU kila mwezi zinazogeuka joto bure, na joto la Mafia, ndugu zangu, halihitaji kuongezewa. Na hata ile nzuri itakula uniti 158 kwa mwezi. Naiomba Kamati ituambie leo ni nani atakayelipa, kwa sababu mashine isiyo na LUKU ni kabati la chuma.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa Fizikia walitafakari. Volti zikipungua, balbu hufifia. Ikipewa kidogo, hutumia kidogo. Pawa saplai ya kisasa haina tabia hiyo. Kadi zinadai wati zile zile, kwa hiyo volti zikishuka, yenyewe huvuta ampea nyingi zaidi. Kompyuta ya kadi nne, inayovuta wati 1,890 ukutani, huchukua ampea 8.2 kwenye volti 230. Jioni volti zikishuka hadi 180, huchukua ampea 10.5. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo kwa karatasi inapita. Lakini waya uliomo ukutani mwa darasa lililojengwa kwa ajili ya taa na redio haujui habari za karatasi. Ile ya kadi mbili, kwa volti hizo hizo 180, huchukua ampea 5.9. Hapo naweza kulala usingizi.

Waya wa ndani

Ukutani ampea ni chache kwa sababu volti ni nyingi. Ndani ya kompyuta mambo hugeuka. Kadi moja ya wati 350 kwenye volti 12 ni ampea 29. Pasi ya wati 1,000 huchukua ampea 4.3 tu. Kwa hiyo nyaya zile nyembamba za ndani zinabeba ampea nyingi kuliko za pasi, na ndiyo maana plagi zikilegea huyeyuka.

Yashikeni haya. Tundu la madabodi huipa kadi wati 75 na si zaidi. Plagi ya pini 6 hubeba wati 75, na ya pini 8 hubeba wati 150. Kila plagi ya pini 8 ipewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na waya mmoja usigawanywe ukalisha plagi mbili za kadi kubwa. Msinunue vile viunganishi vya kugeuza plagi ya diski kuwa plagi ya kadi. Plagi ya diski ya SATA hubeba wati 54 tu upande wa volti 12, na moto wa kompyuta za namna hii waweza kuanzia hapo. Kadi mpya zenye plagi ya pini 16 zisukumwe mpaka mwisho kabisa. Na nyaya za pawa saplai moja zisihamishiwe kwenye nyingine, hata kama plagi zinaingia, kwa kuwa mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana. Kwa kosa hilo moja mtu aweza kuunguza kila kitu kwa kubonyeza swichi mara moja.

Lebo na karatasi

Katika utumishi wangu serikalini nilihamishiwa ofisi moja, sitaitaja, nikakuta wamekwisha nunua kompyuta za kuchorea ramani. Hati ya ununuzi ilitaja "pawa saplai ya wati 600". Zilikuja za wati 600. Lakini ukisoma lebo, mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha kadi na prosesa, ulikuwa na ampea 30, yaani wati 360. Zilizobaki zilikuwa zimehesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, mahali ambapo kompyuta ya siku hizi haina haja nazo. Mashine zilizimika kila ramani ilipokuwa kubwa. Muuzaji hakuvunja mkataba, maana karatasi haikumdai zaidi. Umma ulilipa mara mbili.

Kwa hiyo lebo isomwe kwa mstari wa volti 12, si kwa tarakimu kubwa ya kwenye boksi.

Na juu ya kadi zilizotumika: tangu tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, kadi nyingi zilizokesha kwenye kazi hiyo ziliingia sokoni. Si mbaya zote, ila kila moja ijaribiwe kwa saa kadhaa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Pawa saplai iliyotumika, hapana. Tununue mpya, yenye dhamana ya miaka mingi.

Ushauri wangu

Nimesikia hoja kwamba kadi nne zaweza kupunguziwa wati kwa programu. Ni kweli. Kadi ya wati 350 ikiwekewa mpaka wa wati 280, kazi hupungua kidogo kuliko umeme unavyopungua, nami nashauri tufanye hivyo kwa zile mbili. Lakini mpaka huo hufutika kompyuta ikizimwa na kuwashwa, mpaka uwekwe tena. Katika kisiwa ambako umeme hukatika bila taarifa, tusijenge usalama wa watoto juu ya jambo la kukumbuka. Pawa saplai ipimwe kwa wati zote 350.

Naomba basi mkutano uandike katika kumbukumbu zake kwamba tununue:

(a) Kadi mbili, na madabodi yenye nafasi ya kuziacha zipumue.

(b) Pawa saplai moja mpya ya wati 1,300 au zaidi, ya dhahabu, kipimo cha ATX 3.0 au cha baadaye, yenye mstari wa volti 12 unaobeba karibu wati zake zote, na yenye nyaya za kutosha kadi mbili bila kugawanya.

(c) UPS iliyoandikwa wati 1,300 au zaidi. Tusidanganywe na VA: UPS ya VA 1,500 yaweza kubeba wati 900 tu. Nayo iwe ya mawimbi laini kama ya umeme wa kawaida. Kazi yake ni kutupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

(d) Njia ya umeme ya peke yake kutoka kwenye meni swichi hadi chumbani, yenye ethi iliyopimwa na fundi mwenye leseni. Ekstensheni isitumike.

(e) Utaratibu wa kupuliza vumbi kila mwezi, kwa kuwa hewa yetu ina chumvi na chumvi hula pini. Lakini mwanafunzi yeyote asifungue kisanduku cha pawa saplai chenyewe, hata kikiwa kimechomolewa ukutani, maana ndani yake umeme wa volti karibu 400 waweza kubaki.

Ndugu Mwenyekiti, najua kadi nne zingependeza kwenye picha ya gazeti letu. Najua pia wapo wenzetu waliochanga kwa kuuza nazi na pweza, si kwa mshahara wa mwisho wa mwezi kama wangu. Shilingi ya mtu huyo haistahili kuungua. Kadi mbili zinazofanya kazi miaka mitano zitafundisha watoto wengi kuliko nne zitakazonyamaza baada ya kusi ya kwanza. Na ikiwa siku moja umeme wa shule utaongezeka, pawa saplai nzuri itaingoja kadi ya baadaye. Kadi nzuri haiwezi kuingoja pawa saplai iliyokwisha ungua.

Vijana, lebo za mashine zote zilizomo shuleni ziko wazi. Nendeni Jumatatu mkazisome, mjumlishe wati zake, mkampe Mwalimu wa Fizikia majibu. Kamati itazihitaji tarakimu hizo kabla ya fundi kuja kupima waya.